Magugumaji Upande wa Pili wa Mwamba

Katika miaka ile ya soko huria watu wa Mwanza walijifunza kupumzika. Nasema walijifunza kwa sababu kabla ya hapo Jumapili ilikuwa ya ibada, kufua, kutembelea wagonjwa na kulala mchana. Ghafla ikawa lazima mtu atoke. Wenye magari yaliyotumika ya kutoka Japani waliyajaza watoto, masufuria na radio kaseti, wakafuata barabara ya uwanja wa ndege mpaka mahali ambapo ziwa linaonekana vizuri, wakashusha kila kitu, wakala, wakaondoka. Mimi nilipita sehemu hizo baadaye kwa miguu, nikaona walichoacha: mifupa ya kuku, nepi, vifuniko vya bia vilivyokanyagwa mchangani, nusu ya tikiti iliyogeuka kuwa mji wa nzi, na kinyesi nyuma ya kila jiwe lenye kivuli. Hilo la mwisho silitii chumvi. Mtu mwenye choo cha kuvuta nyumbani kwake alisafiri mwendo mrefu ili ajisaidie nyuma ya jiwe, kisha akarudi mjini akasema amekwenda kuona uzuri wa nchi.

Nilikuwa natembea milimani kabla haijawa fasheni. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza saa, kibanda changu kikiwa Igoma, na kazi hiyo hukunja mgongo na kuchosha macho. Siku moja ya juma nilihitaji kutazama mbali. Shule niliishia darasa la nane, la wakati ule. Mengine niliyapata katika vitabu chakavu vilivyouzwa sokoni pamoja na magazeti ya kufungia maandazi. Kimoja kilikuwa cha ndege wa Afrika Mashariki, hakina jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo ndege waliokuwa mwisho wa kitabu sikuwajua kamwe. Sikuwa mtaalamu wa lolote. Nilipenda tu kujua kitu ninachokitazama kinaitwaje.

Kwa sababu hiyo mdogo wangu alinifuata.

Yeye alikuwa ofisa ugavi katika shirika la umma. Shirika lilipouzwa akapunguzwa pamoja na wenzake, akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua mashine za kusaga au wakafungua maduka ya vipuri. Yeye alikodi ufuko kwa serikali ya kijiji, kaskazini ya Ilemela, mahali ambapo mlima wa mawe unashuka mpaka majini. Akajenga vibanda vya nyasi, jiko la kuchomea nyama na kaunta ya vinywaji, akapaita bichi. Nyumba ya shirika pale Pasiansi alitakiwa kuiacha, kwa hiyo nyuma ya jiko akajenga vyumba viwili vya kulala, akahamia na mke wake na watoto. Hakubakisha kitu pembeni.

"Hapa pakinishinda," alikuwa akisema, "narudi kwetu kuchunga ng'ombe za shemeji." Alisema hivyo akicheka. Mke wake hakuwahi kucheka naye.

Ni lazima nieleze mahali penyewe palivyokaa. Ufuko wa mdogo wangu ulikuwa ghuba ndogo kati ya miamba miwili. Mwamba wa kusini uliingia ziwani kama ukuta, na upande wake wa pili ilikuwapo ghuba nyingine ndogo, ya kitongoji. Pale wanawake walichota maji, watoto walioga, dagaa walianikwa juu ya mawe. Mtu akikohoa upande mmoja alisikika upande wa pili. Wenyeji walikuwa Wasukuma kama sisi, na familia chache za Wakerewe na Wajita waliovua.

Mimi nilipewa kazi ya kupandisha wageni mlimani kabla ya chakula. Mdogo wangu alikuwa amegundua kwamba mgeni aliyepanda mlima hushuka na njaa na kiu, na kaunta hufanya kazi vizuri zaidi. Sikuona ubaya. Nilipata kwenda mlimani, na mke wake alikuwa ananifungia ugali na sato wa kurudi nao.

Jumapili ninayoizungumzia walitegemewa wageni wa ofisi moja kubwa ya mjini, idara nzima, mkuu wao akiwa mbele. Nilitoka barabarani kwa miguu asubuhi, nikaisikia harufu kabla sijaona maji. Ilikuwa harufu ya mboga iliyosahauliwa kwenye sufuria juma zima, na ndani yake mlikuwa na kitu kitamu. Utamu huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Nilipotokea kwenye vibanda sikuona ziwa. Mahali pa maji palikuwa shamba. Magugumaji yalikuwa yameingia na upepo, yakaziba ghuba kutoka mwamba hadi mwamba, majani manene yanayong'aa, na maua ya zambarau ambayo mtu asiyejua angeyasifu.

Nilivua viatu, nikaingia ukingoni, nikainua shina moja. Mizizi ilikuwa myeusi, mirefu, kama nywele zinazotolewa kwenye bomba lililoziba, na ilichuruzika ute. Ndani yake mlikuwa na konokono, ruba wawili watatu, mfuko wa plastiki, na kichwa cha sangara kilichooza kiasi kwamba taya liliachana nacho nilipokigusa. Chini ya zulia lile maji yalikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa tena na tena. Nilinawa mikono kwenye pipa la jikoni kwa sabuni, nikanusa vidole, nikanawa tena.

Mdogo wangu alisimama mchangani na shati lake jeupe la kupokelea wageni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Yameingia lini haya?"

"Nimeamka nimeyakuta. Na wageni wanafika saa nne."

"Waambie wasije."

"Niwaambie kwa simu ipi? Kaka, hawa ni ofisi nzima. Mkuu wao kasema wakipaona pazuri, sherehe ya mwisho wa mwaka wanaleta hapa, na ofisi nyingine watakuja. Wakikuta hivi," akaonyesha kwa kidevu, "habari itafika mjini kabla yao. Nimekwisha."

Nilimwambia njia ni moja: kuyavuta nchi kavu, kuyarundika mbali na maji na kuyaacha yakauke. Alisema kazi hiyo ni ya siku nyingi, na yakioza nchi kavu yananuka kuliko yakiwa majini. Hapo alisema kweli.

"Wewe wapandishe mlimani," akasema. "Wacheleweshe. Waonyeshe ndege wako wote. Huku niachie mimi, nimeshaita vijana wa kokoro."

Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini kwa mtumbwi na kuvutwa kutoka ufukoni. Hukusanya kila kitu, mpaka vifaranga vya samaki, na kwa sababu hiyo umepigwa marufuku, na kwa sababu hiyo hiyo kila kitongoji kilikuwa nao. Nilidhani watayavuta nchi kavu kwa huo wavu. Niliona ni akili nzuri.

Wageni walifika na magari mawili, muziki ukiwatangulia. Sikuwaruhusu kushuka mpaka majini. Niliwapokea kwenye maegesho, nikawaambia mlima kwanza, jua halijawa kali. Walipanda wakiwa na chupa mikononi. Dada mmoja wa masijala alivaa viatu vya kisigino. Kijana mmoja mrefu alibeba kopo la rangi nyekundu na brashi, nikadhani ni mambo ya ofisi yaliyosahaulika mkononi.

"Mzee, huku kuna simba?" aliuliza mmoja.

"Kuna pimbi."

"Pimbi tunaye, tumekuja naye. Mhasibu, unaitwa huku na ndugu zako!"

Mhasibu, mtu mfupi, mnene, alicheka kama mtu aliyekwisha kusikia utani huo mara nyingi. "Mimi pimbi, sawa. Mshahara wako mwisho wa mwezi ukaudai kwa simba."

Yule dada wa masijala alikuwa ameegemea jiwe kupumzisha miguu. "Mzee, hii nyeupe hapa ni chokaa?"

"Ni mkojo wa pimbi, dada. Wana mahali pamoja, wanakwenda hapo hapo miaka na miaka mpaka jiwe linabadilika rangi."

"Yuu! Na nimeshaegemea!" Akaruka, akafuta gauni kwa kitambaa, kisha kitambaa akakitupa kwenye ufa wa jiwe. Wengine walikufa kwa kicheko. Sikucheka, maana nilikuwa nimeona wanaume watatu wakipotea mmoja mmoja nyuma ya mawe, kila mmoja na jiwe lake. Pimbi angalau wamekubaliana mahali.

Nilijitahidi. Niliwaonyesha kwazi, yule ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe anayekamata samaki, akiwa juu ya mti mkavu. Mmoja alimrushia chupa ili amwone akiruka. Aliruka. Wakapiga makofi. Chupa ilipasuka chini kwenye njia ambayo watoto wa kitongoji hupita bila viatu kufuata kuni.

Kileleni kuna jiwe bapa, pana kama ua wa nyumba, na kutoka hapo unaona ziwa lote mpaka visiwa. Kijana mrefu akafungua kopo lake. Alichokuwa amekuja kufanya ni kuandika jina la ofisi juu ya jiwe, herufi kubwa, zionekane na watu wa kwenye boti. Nilimwambia kwamba jiwe hilo watu huja kuliangalia lilivyo.

"Mzee wangu, tunaliremba tu," akasema, akaendelea.

Niligeuka nisione, nikatazama chini. Ndipo nilipoona kazi ya mdogo wangu. Mitumbwi miwili ilikuwa imezungusha kokoro kwenye magugu, na vijana wakapiga makasia kwa nguvu. Lakini hawakuelekea mchangani. Waliyaburuta nje ya ghuba, wakapinda ncha ya mwamba, wakaingia nayo upande wa pili.

Ghuba ya kitongoji ilikuwa na watu. Kwa umbali ule ndoo zilionekana kama vidoa vya rangi. Niliwaona wanawake wakisimama mmoja baada ya mwingine. Mmoja alivua khanga begani akaipunga, na kwa muda nilidhani, kama vijana wale pengine walivyodhani, kwamba anasalimia. Kisha wavu ukaachiwa. Kijani kikatanuka taratibu, kikajaza ghuba mpaka kwenye mawe ya dagaa, na mitumbwi ikarudi kufuata mzigo mwingine.

"Ona, wanavua!" alisema mhasibu pembeni yangu. "Wanavua nini wale, mzee?"

"Majani," nikamwambia.

"Ya mboga?"

Waliocheka walicheka. Nyuma yangu brashi ilikuwa ikikwaruza jiwe. 

Tuliposhuka ghuba ya mdogo wangu ilikuwa safi. Maji yalirudi rangi yake, mchanga ulikuwa umefagiliwa kwa matawi. Mkuu wa ofisi alisimama akavuta pumzi, akasema, "Hapa ndipo." Mdogo wangu aliniangalia kwa macho ya furaha, nikaona nimuulize wageni wakishaondoka. Wageni walikula, wakanywa, wakaingia majini na nguo za ndani.

Wanawake watatu walitokea wakizunguka mwamba kwa nyuma, ndoo mikononi. Aliyetangulia alikuwa bibi mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi kutoka ufukoni.

"Nani mwenye hapa?"

"Ni mimi, mayu," alisema mdogo wangu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Karibuni sana."

"Hatukuja kukaribishwa. Tumekuja kuchota maji. Kwetu hakuchoteki."

"Chota, chota. Ziwa ni letu sote." Akamwita msichana wa kaunta. "Wape akina mama soda. Baridi."

Soda zikaletwa, zimefunguliwa kabisa. Mgeni mmoja kwenye kibanda akapaza sauti: "Mama, soda ya nini, chota bia!"

"Kunywa wewe, baba," alijibu yule bibi bila kugeuka. "Sisi tunapikia watoto."

Waliingia majini katikati ya waogaji. Hatua chache kutoka kwao mgeni mmoja alisimama maji yakimfika kiunoni, kimya, ameinua uso mbinguni, na utulivu ule wa uso kila mwanamume anaujua. Wanawake nao waliujua. Walisogea, wakangoja kidogo, wakachota, wakajitwika. Soda waliziacha mchangani zikiwa zimejaa, nyuki wakazijia. Walipopita karibu yetu yule bibi alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kwamba mdogo wangu ataitwa.

Wageni walipoondoka nilimuuliza alikuwa akiwaza nini.

"Nilikuwa nawaza watoto wangu, kaka. Upepo ungeyaondoa tu, kwao au kwangu."

"Basi ungeuacha upepo."

"Upepo haukuwa na wageni saa nne."

Aliitwa juma lile lile. Mkutano wa kitongoji ulikaa mchana, sungusungu, walinzi wa jadi, wote wakiwapo, kamanda wao akisimamia. Nilikwenda naye. Alikuja na mkataba wake kwenye bahasha ya plastiki, akausoma wote kwa sauti, mpaka mihuri. Wakamsikiliza.

"Umesema vizuri," alisema kamanda. "Sasa tuambie, uchafu ule umetoka wapi?"

"Umeletwa na upepo. Ni uchafu wa Mungu."

"Kwako umeletwa na upepo," alisema yule bibi kutoka upande wa wanawake. "Kwetu umeletwa na wewe."

Hukumu ilikuwa kutengwa. Anayejua desturi hiyo hahitaji kuelezwa, na asiyejua atadhani ni adhabu ndogo, maana hakuna anayekupiga wala kukuondoa. Ila hakuna anayekusalimia, kukuuzia, kununua kwako, kukupa moto wala kukusaidia kubeba. Atakayevunja, adhabu ni hiyo hiyo. Mdogo wangu alitoka mkutanoni akitabasamu. "Wateja wangu wako mjini," akaniambia. "Hawa wamenitenga na nini?"

Alikuja kujua. Mpishi na msichana wa kaunta waliondoka bila kudai chochote. Vijana wa kokoro waliokuwa wamemtumikia, na kutozwa faini kwa hilo, wakawa wanapita mbele yake kama wanapita mbele ya kisiki. Samaki ilibidi anunue mjini, aibu kubwa kwa mtu anayelala na mawimbi mlangoni. Mke wake alipeleka mahindi mashineni. Ilipofika zamu yake mashine ikazimwa, watu wakakaa kimya mpaka akabeba debe lake na kuondoka, kisha akaisikia ikiwashwa. Watoto waliambiwa na wenzao, "Tumekatazwa," wakacheza wenyewe chini ya vibanda.

Na upepo, bila kumjali mtu, ukaleta mengine. Siku moja nilimkuta ndani ya ute ule mpaka mapajani, peke yake, akivuta kwa reki ya bustani. Alikuwa ametoa rundo lenye ukubwa wa kitanda kimoja. Gari moja la wageni lilikuwa limefika asubuhi, likazunguka vibanda bila kuzima injini, na kurudi. Ruba alikuwa amemng'ata nyuma ya goti, damu inachuruzika, hajui. Nilimtoa ruba yule kwa chumvi. Alikuwa amenona, laini. Nilimkanyaga kwa kisigino na nikajuta kuvaa viatu vyepesi.

"Kaka," alisema, "kaniombee."

Aliyetengwa hawezi kujiombea, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuzungumza naye. Lazima aende mkubwa wake. Nilimwambia nitakwenda, lakini asije akafikiri nakwenda kwa sababu naona ameonewa.

"Najua unavyoniona," akasema. "Nenda tu."

Kamanda alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akamwita yule bibi na wazee wengine. Nilisema nilichotumwa, sikuongeza utetezi. Walizungumza wenyewe kwa muda, kisha kamanda akatoa masharti. Kwanza masumule, yaani faini ya kuliwa: ng'ombe dume, na unga, kwa kitongoji kizima.

"Na atapikia kwa maji yetu," alisema yule bibi. "Atayachota mwenyewe. Nanyi wa ukoo wake mtakula pamoja nasi."

"Maji ya kisima?" niliuliza.

"Baba, kisima tungekuwa nacho tungegombana nanyi?"

Akanipeleka nikaone. Walikuwa wamevuta sehemu kubwa ya magugu nchi kavu kwa mikono, na marundo yale yalikuwa yakioza juu ya mawe yaliyokuwa ya dagaa, meusi, yanatembea kwa funza. Lakini ghuba yao ilikuwa haitoi maji haraka kama yetu. Magugu yaliyoachiwa humo yalishika, yakazaa. Msichana mmoja alikuwa akisukuma majani kwa fimbo, anatumbukiza ndoo kwenye uwazi, anaitoa kabla uwazi haujafunga. Nilitazama ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ya manjano, na utando juu kama mafuta ya supu iliyopoa. Vidudu vyekundu vidogo vilikuwa vikijinyonganyonga chini. Alichuja kwa kipande cha khanga, kitambaa kikabaki na kamasi ya kijani. Wamekunywa haya, niliwaza, tangu siku ile niliposimama juu ya mlima na watu waliokuwa wakicheka.

Siku ya masumule mdogo wangu alichota mwenyewe. Watu wazima walikaa mawe ya juu kumwangalia.

"Jaza, Bwana Bichi! Usimwage, ni mali!"

"Mtwikeni, hajui kujitwika!"

"Mletee soda, kachoka!"

Ilikuwa bado hairuhusiwi kumsemesha, kwa hiyo walikuwa wakiambiana wenyewe. Alipanda na kushuka na ndoo kichwani, maji yakimwagikia usoni, na kila yalipofika mdomoni alitema. Hilo wanawake waliliona. Walinyamaza kila alipotema, na ukimya huo nilitamani uishe kuliko kejeli.

Nyama ilichemka kwenye pipa lililokatwa. Povu lilikuwa la kijivu, halikuwa la damu tu, na mvuke ulileta ile harufu ya asubuhi ya kwanza, ya mboga iliyosahauliwa, safari hii ikiwa imechanganyika na harufu ya nyama, kitu ambacho mwili unataka. Kutaka na kukataa kwa pamoja, sijui hali mbaya kuliko hiyo. Ugali ulisongwa kwa maji hayo hayo, ukatoka na rangi ya udongo wa mfinyanzi. Tuliketi duara. Mimi, mdogo wangu na mke wake tuliwekwa sinia moja na kamanda na yule bibi.

Nilikata tonge, nikachovya, nikameza bila kutafuna. Lilirudi mpaka kooni. Nililirudisha. Kamanda alikuwa akiniangalia kwa adabu, yaani alikuwa akiangalia pembeni yangu. Nilikula tena. Ute ulikuwa kwenye mchuzi, mwembamba, unafuata vidole. Shemeji yangu alikula machozi yakimtoka, bila sauti, lakini alikula. Pande zote watu walikuwa wakila kwa raha, wanagombania mfupa wa goti, wanaramba vidole. Kwao ilikuwa nyama, na ladha ile walikuwa wameshaizoea. Mtoto mdogo karibu nami alikunywa kikombe kizima cha maji yale, akapumua, akaomba kingine. Kichefuchefu changu kikabadilika mahali; hakikuwa tena kwenye chakula.

Walipomaliza, kamanda alisimama akasema mtu huyu amerudi. Wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Vijana wa kokoro wakasema, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba, marahaba." Mwenye mashine alimwambia mke wake alete mahindi kesho. Yule bibi alimshika mkono muda mrefu. "Sasa yakija kwako, piga yowe," alimwambia. "Tutakuja tuvute wote. Yakija kwetu utakuja."

"Nitakuja, mayu."

Hivyo alikuwa amepona. Biashara yake, nyumba yake, watoto wake, vyote vilikuwa vimerudi kwa sahani ya nyama, na nilifurahi kwa dhati, sitaki ieleweke vingine. Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kushuka majini. Jua lilikuwa bado juu, walikuwa na nguvu ya kushiba, na mtu akasema leo tuko wengi, tumalizie haya. Wakapeana kamba. Wanawake waliingia wamefunga khanga kifuani, vijana wakatandaza lile kokoro.

Mdogo wangu alisimama pembeni yangu akinawa mikono kwa maji ya chupa aliyoileta mfukoni. Nami nilikinga viganja, akanimiminia. Alikuwa akitazama ghuba kwa makini, kichwa upande.

"Kaka, umeona mchanga wa huku?" akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya haya majani. Ni mweupe kuliko wangu. Na kina ni kidogo, watoto wa wageni wangeoga bila hofu. Nikizungumza na mwenyekiti wa kijiji, wao wakachimbiwa kisima kule juu..."

Nilimtazama nione kama anatania. Kwenye ndevu zake kulikuwa na punje ya ugali wa rangi ya udongo.

"Unanisikia? Si leo. Mwakani."

Nilivua viatu nikaviweka juu ya jiwe, nikakunja suruali, nikashuka. Matope yalikuwa ya joto, yakapita kati ya vidole vya miguu. Kitu kilichokuwa na mwili laini kikateleza kifundoni mwangu, nikajizuia kupiga kelele. Yule bibi alinisogezea mwisho wa kamba, nikaushika; ulikuwa na ute wa mikono ya watu wote waliotangulia.

"Kaka!" mdogo wangu aliita kutoka juu ya mawe. "Unafanya nini? Utaumwa! Na Jumapili nina wageni, nani atawapandisha mlimani?"

"Vuta," alisema kijana aliyekuwa mbele yangu.

Zulia la magugu lilipoanza kutembea harufu ilipanda, nzito kiasi cha kushikika. Nilifunga mdomo, nikapumua kwa pua hivyo hivyo, nikavuta.